Gari Linalowaka Likitaka

Gari lililokufa kabisa ni rahisi kulitengeneza kuliko gari linalowaka likitaka. Lililokufa limetulia na ubovu wake: unalipima, unaukuta, unautoa. Lakini hili linalowaka Jumatatu likagoma Jumatano, ukilifikisha kwa fundi linawaka kwa mpigo mmoja. Fundi anakutazama, nawe unamtazama, kisha mnaanza kubahatisha. Leo betri mpya, wiki ijayo stata ya mtumba, mwezi ujao pampu. Kwa aliyeko Palma, Quionga au Mocímboa da Praia, kubahatisha huko ni kutupa pesa baharini. Kipuri hakipo duka la jirani. Kinaagizwa Pemba au Nampula, au kinavushwa Ruvuma kutoka Mtwara, na ukishakifunga garini hakuna muuzaji atakayekubali kukipokea tena.

Tena kwetu huku gari si la biashara tu. Tarehe 24 Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, gari lililowaka lilikuwa tofauti kati ya kutoka mjini na kubaki. Na tangu vita vya huku kwetu vianze, kuna vipindi ambavyo barabara ya N380 hupitwa kwa misafara inayosindikizwa na askari. Msafara ukianza kwenda, haumngoji anayehangaika na ufunguo. Kwa hiyo nawaandikia wenye magari tuliyonayo: Hilux za dizeli za miaka ya tisini, Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, Hiace za chapa, yaani za abiria, na Corolla za petroli zilizokwisha kupita mikononi mwa watu wengi. Ninalowasihi ni moja: usinunue kifaa chochote mpaka umeukamata ubovu ukiwa kazini.

Anza na daftari, si spana

Kila gari linapogoma, andika papo hapo. Ilikuwa saa ngapi? Injini ilikuwa baridi, au imetoka safari ndefu na kupumzika robo saa? Gari liliegeshwa pua ikitazama mlimani au bondeni? Mvua ilinyesha usiku? Mafuta yalitoka wapi, na tenki lilikuwa na kiasi gani? Taa za dashibodi zilififia ulipopiga stata, au zilibaki vilevile? Na swali ambalo watu wengi hawaliandiki, ingawa ndilo lenye faida kuliko yote: mwishowe ni nini kilichoifanya injini iwake? Ulisubiri ipoe? Ulitikisa waya wa betri? Ulipampu pale juu ya filta? Ulirudia ufunguo mara nyingi mpaka ikakubali? Kila dawa kati ya hizo inauelekeza mkono wako mahali pake.

Yakishaandikwa matukio manne au matano, utaona ubovu una tabia. Ubovu hauji ovyo. Unakuja na joto, au na baridi, au na unyevu, au na mteremko, au na mtikisiko. Kazi ni kujua unakuja na nini.

Kisha sikiliza. Unapozungusha ufunguo, stata inaizungusha injini kwa kasi yake ya siku zote? Ikiwa haizungushi kabisa, au inazungusha kwa uvivu, tafuta umeme na uiache pampu, uziache na nozeli. Ikiwa inazungusha vizuri ila injini haishiki, iache betri, tafuta mafuta, hewa au cheche. Nimewaona watu wakibadilisha hita plagi kwenye gari ambalo stata yake ilikuwa ikijikokota. Dizeli isiyozungushwa kwa kasi ya kutosha haibani hewa mpaka ichemke, na hewa isipochemka dizeli haiwaki, hata plagi ziwe mpya zote.

Umeme na chumvi ya bahari

Hapa ndipo magari mengi ya pwani yanapougulia, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Betri nzima iliyopumzika usiku kucha inasoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, na ikisoma 12.0 iko karibu kwisha. Lakini kwa ubovu unaokuja na kuondoka, kipimo cha gari likiwa limelala hakitoshi. Weka multimita kwenye nguzo za betri, mwombe mwenzako apige stata, nawe usome namba wakati huohuo. Isishuke chini ya 9.6. Ikiwa betri ilisoma 12.6 ikaporomoka mpaka 7 au 8, basi ndani yake pana seli iliyokufa au kiungo kilichoachia. Joto la pwani linaua betri mapema, kwa hiyo usishangae hata kama uliinunua si zamani.

Sasa angalia hali ya pili, inayowapotosha wengi: stata imenyamaza, au imepiga “tak” moja tu, na betri bado inasoma 12. Hapo betri haina kosa. Umeme upo ila haupiti. Usiibusti, usiibadilishe. Tafuta njia ilipozibika.

Njia ya kwenda unaipima hivi: sindano moja ya multimita kwenye nguzo ya risasi ya chanya yenyewe, wala si kwenye terminali iliyoivaa, na nyingine kwenye bolti nene ya stata. Piga stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani. Njia ya kurudi: sindano moja kwenye nguzo ya hasi, nyingine kwenye chuma safi cha injini. Zaidi ya volti 0.3, ethi ni mbovu. Huna multimita? Chukua waya mnene wa kubusti, funga upande mmoja kwenye hasi ya betri, na upande wa pili kwenye chuma cha injini, mbali na betri ili cheche isiikute gesi yake. Stata ikiamka ghafla, umepata jibu.

Usidanganywe na terminali inayong'aa. Mara nyingi chumvi imeshaingia ndani ya gamba la waya na kupanda. Chana gamba kwa kisu, sentimita tano kutoka kwenye terminali, ukunjue nyuzi. Shaba nzima ni nyekundu na laini. Iliyoliwa ni nyeusi, au imejaa unga wa kijani, na ukiikunja inakatika vipandevipande. Waya wa namna hiyo unapitisha taa na redio bila shida, maana vinataka umeme kidogo. Stata inayotaka mamia ya ampea haiupati. Ndiyo sababu gari linagoma siku ya unyevu na kukubali siku kavu, au linakubali baada ya kuutikisa waya. Kata mpaka ufikie shaba nyekundu, ubane terminali mpya, upake grisi, ufunike. Kama shaba nyeusi haiishi, badilisha waya mzima, usiunge.

Ethi kwenye magari haya kwa kawaida iko zaidi ya pahali pamoja: betri na bodi, betri na injini, injini na bodi. Fungua zote siku moja. Kwangua rangi na kutu mpaka chuma cheupe kionekane, kisha ufunge kwa nguvu na upake grisi juu. Kazi hii haigharimu kitu, na kwa magari yaliyokaa karibu na bahari mimi ndiyo ya kwanza ninayoifanya, hata kabla ya kupima.

Kama njia zote mbili ni safi na bado unasikia “tak” moja, kisha kimya, kisha mara ya sita au ya saba injini inazunguka kwa nguvu zote, tazama stata yenyewe. Stata za Denso zilizofungwa kwenye Toyota nyingi zina vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi, na kisahani kinachovigusa vyote viwili ili kupitisha umeme. Vipande hivyo vinalika, na kwa kawaida kimoja kinalika kuliko mwenzake. Kisahani kikitua vizuri, gari linawaka. Kikitua vibaya, unapata “tak” peke yake. Ubovu huu ndio unaouza stata nyingi zisizohitajika. Chomoa hasi ya betri, shusha stata, fungua kifuniko cha nyuma cha solenoidi, uvitazame. Vikiwa na shimo, badilisha hivyo viwili na ukikague kisahani. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na stata nzima. Ikiwa badala yake stata inakubali ukiigonga taratibu kwa mpini wa nyundo, kaboni zimekwisha.

Kabla ya kuishusha stata, pima waya mwembamba unaokwenda kwenye solenoidi wakati ufunguo umezungushwa na gari limegoma. Hata taa ndogo ya kupimia inatosha. Taa ikiwaka kwa nguvu, kosa liko ndani ya stata. Ikififia au isiwake, rudi nyuma: swichi ya ufunguo, relei, fyuzi. Kwa gari la otomatiki, jaribu kuwasha gia ikiwa N badala ya P. Ikikubali kwenye N, swichi ya gia ndiyo yenye kosa. Na kwa kila jaribio la stata, gia iwe nyutro, breki ya mkono ivutwe, na kigingi kiwe mbele ya gurudumu. Wanaoigusisha stata kwa bisibisi gari likiwa ndani ya gia wanaweza kukanyagwa na gari lao wenyewe.

Injini ikishawaka, soma tena betri: kati ya 13.8 na 14.4, alteneta iko sawa. Na kama gari linagoma baada tu ya kukaa siku tatu, kuna kitu kinachonyonya. Zima kila kitu, chomoa hasi, weka multimita ya ampea katikati. Gari la zamani halipaswi kunyonya zaidi ya miliampea 50 hivi. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Mara nyingi utaikuta redio au taa za nyongeza zilizofungwa bila kupitia ufunguo.

Dizeli: hewa, maji, na baridi ya Mueda

Stata inazungusha vizuri, injini haishiki. Kwenye dizeli ya zamani mshukiwa wa kwanza ni hewa, na dalili yake ni kwamba gari linasumbua asubuhi au baada ya kukaa, hasa likiegeshwa juu ya mteremko, lakini likishawaka linakwenda siku nzima bila neno. Mafuta yanarudi tenkini usiku kupitia ufa mdogo unaoingiza hewa. Usitafute tone chini ya gari. Upande ule wa mpira kabla ya pampu unavuta, hausukumi, kwa hiyo unaweza kuvuta hewa bila kumwaga hata tone moja la mafuta.

Asubuhi, kabla ya kugusa ufunguo, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Ikiwa ni laini, na inakutaka uibonyeze mara nyingi ndipo ikazane, kisha gari likawaka mara moja, ni hewa. Kuiona kwa macho, fungua mpira unaotoka filta kwenda pampu ya nozeli na uweke badala yake mrija wa plastiki unaoonyesha ndani. Washa. Mwanzoni mapovu yatapita, hayo ni ya kazi yako. Yakiendelea kuja baada ya dakika chache, madogo madogo yakifuatana kwenye mafuta ya manjano, hewa inaingia kati ya tenki na hapo.

Ili kujua inaingia wapi, tumia dumu. Weka dizeli safi kwenye dumu dogo, lifunge imara juu kuliko filta, mbali na ekzosi, na uunganishe mpira wake kwenye mdomo wa filta wa kuingilia. Ukiwasha asubuhi mbili tatu mfululizo bila shida, basi pampu na nozeli havina kosa, na yaelekea ubovu uko tenkini au kwenye mabomba yake. Likiendelea kusumbua, itazame pampu ya mkono yenyewe, maana diaframu yake ikipasuka inavuta hewa, na pia mpira wa duara kwenye koki ya maji chini ya filta, na vipira vidogo vinavyorudisha mafuta kati ya nozeli na nozeli. Vipira hivyo vya bei rahisi ndivyo vinavyokauka kwanza.

Maji ni jambo jingine, na kwetu ni kubwa kwa sababu mafuta mengi yanapitia mapipani na madumuni. Pipa lililosimamishwa nje hukusanya maji ya mvua juu ya kifuniko. Mchana linapanuka kwa joto, usiku linaponywea linayafyonza maji yale ndani kupitia uzi wa kifuniko. Yalaze mapipa yako, vifuniko viwili vikiwa usawa mmoja, kushoto na kulia, chini ya mafuta. Na usichote sehemu ya mwisho kabisa ya pipa. Kujua kama umeuziwa maji, jaza chupa ya kioo, iache usiku mmoja, utazame chini asubuhi. Kati ya Desemba na Aprili, mvua zinaponyesha, fungua koki ya filta kila juma.

Kuna pia solenoidi ya kufunga mafuta kwenye pampu. Ukiufungua ufunguo bila kupiga stata, isikike “tik”. Siku gari likigoma na usiisikie, pima kama volti 12 zinafika. Mara nyingi ni kichwa cha waya kilicholegea.

Hita plagi nimeziacha mpaka hapa kwa makusudi. Pwani, ambako asubuhi ya kusi bado ina joto, plagi mbili zikifa unaweza usijue. Utajua siku utakapolala Mueda, juu ya uwanda, mwezi wa Juni au Julai: gari linazunguka, linatoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli, linatetemeka, linashika kwa silinda mbili kisha nne. Kama daftari lako linasema “Palma sawa, Mueda shida”, pima plagi. Chomoa kipande cha chuma kinachoziunganisha, pima moja moja hadi kwenye chuma cha injini: nzima inasoma chini ya omu moja, iliyokufa haisomi kitu. Usizijaribu kwa kuzigusisha moja kwa moja kwenye betri, kwa sababu baadhi zimetengenezwa kwa volti chini ya 12 na zitaungua. Na usipulizie etha kwenye dizeli yenye hita plagi. Inaweza kulipuka kabla ya wakati na kuvunja pistoni.

Injini iliyokwisha kompresheni nayo inawaka kwa shida, lakini hiyo haibadiliki badiliki. Inasumbua kila asubuhi, na kila mwezi inazidi.

Petroli: joto la saa saba mchana

Corolla za zamani zina ugonjwa mwingine. Asubuhi inawaka kwa mguso. Umesimama sokoni dakika ishirini jua likiwa juu, ukirudi inazunguka tu. Ukiiacha saa nzima, inawaka. Huo ni ubovu wa joto, na unapimika wakati ule tu gari limegoma, kwa hiyo beba plagi moja ya akiba na spana yake.

Anza na cheche: funga plagi ya akiba kwenye waya wake, iegemeze kwenye chuma cha injini, mbali na mafuta, piga stata. Hakuna cheche? Lowesha kitambaa maji, kikamue, uipoze koili, kisha igniter, kimoja baada ya kingine. Kilichorudisha cheche baada ya kupoa ndicho chenye kosa.

Cheche ipo? Tafuta mafuta. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya tisini kuna kisanduku cha kupimia chini ya boneti chenye matundu yenye majina. Ufunguo ukiwa umefunguliwa, unganisha FP na +B kwa kipande cha waya: pampu ya mafuta lazima isikike. Ikisikika na gari likawaka, kosa liko kwenye relei au njia yake. Hapohapo, ukiunganisha TE1 na E1, taa ya injini itahesabu kwa kumetameta. Namba 22 ni sensa ya joto la maji, 14 ni igniter, 12 au 13 ni ishara ya mzunguko wa injini. Sensa ya joto iliyoharibika huiambia kompyuta kwamba injini ni baridi wakati inachemka, kompyuta inamwaga petroli nyingi, plagi zinalowa. Sensa nzima inasoma kiloomu 2 hadi 3 kwenye nyuzijoto 20, na chini ya nusu kiloomu kwenye nyuzijoto 80. Kama plagi zimelowa, kanyaga pedali mpaka chini bila kuipampu, kisha piga stata.

Petroli ya chupa za barabarani iliyokaa juani imepoteza sehemu yake nyepesi, ambayo ndiyo inayowasha injini baridi. Gari likigoma asubuhi mara tu baada ya kununua mafuta hayo, badilisha mafuta kabla ya kubadilisha kifaa.

Kabla ya safari

Weka garini multimita ndogo au taa ya kupimia, waya mnene wa kubusti, fyuzi, mita moja ya mpira wa dizeli na klipu zake, na daftari. Ukumbuke kwamba dizeli ya gia za mkono inawaka kwa kusukumwa ikiwa betri imebaki na umeme wa kuifungua solenoidi ya mafuta. Betri iliyokufa kabisa haikusaidii, na otomatiki haisukumwi. Ukilala njiani, egesha pua ikitazama bondeni.

Na kama safari ni kesho, ubovu hujaupata, na gari leo limewaka vizuri, usilihesabu kuwa limepona. Panda gari la mtu mwingine, lako libaki nyumbani mpaka uukamate ubovu. Usiwapakie watoto na wazee kwenye gari ambalo hujui kama litawaka tena likizimwa njiani, pale Awasse.